Urahisi wa Kompyuta Hupimwa Wapi? Windows, Linux na Mac Kutoka New Site, Juba

Kwa miaka arobaini sasa watengenezaji wa kompyuta wamekuwa wakigombania sifa moja: mfumo endeshi wa nani ni rahisi kutumia. Apple ilijijengea jina kwa sifa hiyo, Microsoft ikaitumia kuteka soko, na waandishi wa Linux, waliochelewa kuingia ulingoni, wametumia zaidi ya miongo miwili kuonyesha kwamba wa kwao hauna ugumu unaosemwa. Hukumu za mashindano hayo zimetolewa Cupertino, Redmond na Berlin, katika vyumba ambamo umeme haukatiki na intaneti haihesabiwi kwa megabaiti. Hapa kesi hiyo inasikilizwa New Site, mtaa wa kaskazini mwa Juba uliopanuka, kama majirani zake Gudele na Munuki, baada ya amani ya 2005. Ukiifuata historia ya kompyuta kutoka hapo, utaona kwamba urahisi wa mfumo umekaa kwenye skrini kwa sehemu ndogo tu. Sehemu kubwa imekaa kwa fundi wa jirani, kwenye umeme, kwenye bando na kwenye lugha ya anayechapa. Na kwa kuwa hayo yote hutengenezwa na watu, Juba inaweza kujijengea urahisi huo kwa mikono yake.

Wataalamu wenyewe walikwisha kukiri jambo hili kwa maandishi. Kiwango cha kimataifa cha ISO 9241-11, kilichotolewa 1998 na kurekebishwa 2018, kinapima urahisi kwa maswali matatu: je, mtumiaji anafikia lengo lake, anatumia nguvu na muda kiasi gani, na anaridhika? Lakini kiwango hicho kinaweka sharti kwamba maswali hayo yaulizwe kwa watumiaji maalumu, wenye malengo maalumu, katika mazingira maalumu ya matumizi. Kwa lugha nyepesi, mtu hawezi kusema tu kwamba Mac ni rahisi au Linux ni ngumu, akaishia hapo. Lazima ataje ni rahisi kwa nani, kwa kazi gani na mahali gani. Makampuni yamekuwa yakiyataja maneno mawili ya mwanzo na kulisahau la tatu, nalo ndilo lenye uzito kuliko yote mtu anapokuwa Juba.

Historia ya skrini zenyewe inaelezeka kwa ufupi. Mwaka 1981 Xerox ilitoa mashine ya Star, iliyokuwa na madirisha, ikoni na kipanya kwa ajili ya wafanyakazi wa ofisi. Apple ikafuata na Lisa Januari 1983, kisha Macintosh Januari 1984 kwa bei ya dola 2,495. Microsoft ilitoa Windows ya kwanza Novemba 1985, lakini watu wengi waliihamia baada ya toleo la 3.0 la Mei 1990, na Agosti 1995 Windows 95 ikaleta kitufe cha Start kilichokuja kuwa mlango wa kompyuta kwa dunia nzima. Linus Torvalds alianza kuandika Linux 1991. Dawati la KDE lilianzishwa 1996 na la GNOME 1997, yote mawili kwa nia ya kumfikia mtu asiyejua amri za kuchapa. Kufikia mwisho wa miaka ya 1990, basi, pande zote tatu zilikuwa zimekubaliana juu ya sura ya msingi: dirisha, menyu, ikoni, kipanya. Tofauti zilizobaki zilikuwa za mpangilio wa vitu, na mpangilio mtu huuzoea.

Miaka hiyohiyo Juba ilikuwa mji wa ngome ya jeshi la Khartoum, umezingirwa na vita vilivyoanza 1983. Chuo Kikuu cha Juba kilihamishiwa Khartoum 1989, na 1990 serikali ya huko iliamuru vyuo vikuu vifundishe kwa Kiarabu. Kwa hiyo watu wa Sudan Kusini walikutana na kompyuta ugenini, tena kwa njia mbili tofauti. Waliokuwa Khartoum waliikuta Windows ya Kiarabu, ambayo menyu zake zinaanzia kulia na kitufe cha Start kimekaa upande wa kulia wa skrini. Waliokimbilia Kenya na Uganda, wakiwemo waliopita katika kambi ya Kakuma iliyofunguliwa 1992, waliikuta Windows ya Kiingereza katika shule, vyuo vya biashara na vibanda vya intaneti vya Nairobi na Kampala. Mac ilikuwa ghali na mawakala wake wachache; kompyuta za bei nafuu, mpya na zilizotumika, zilikuja na Windows. Ndiyo maana watu ambao vita viliwatenganisha kwa lugha na kwa mitaala walirudi wakiwa na ujuzi mmoja wa kompyuta, hata kama mmoja aliujua kwa Kiarabu na mwenzake kwa Kiingereza.

Mkataba wa amani uliotiwa saini Nairobi tarehe 9 Januari 2005 uliwarudisha watu hao Juba kwa maelfu. Wizara zilianza upya, Umoja wa Mataifa ukaja na ujumbe wake, mashirika ya misaada yakafungua ofisi, na mji ukajaa kompyuta zenye Windows XP, mfumo uliotoka Oktoba 2001. Hakuna kikao chochote cha Juba kilichopima mifumo mitatu na kuichagua XP. Iliingia kwa sababu karani aliyetoka Khartoum na mhasibu aliyetoka Kampala wangeweza kukaa kwenye meza moja na kusaidiana. Ukiangalia kwa kipimo cha ISO, hilo lilikuwa jambo zito. Muda wa kufikia lengo unapungua sana pale ambapo mtu aliyekwama anaweza kugeuza shingo na kumuuliza aliye karibu naye.

Linux nayo ilikuwa ikisambazwa Afrika Mashariki wakati huohuo, tena kwa nia njema. Oktoba 2004 Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini alitoa Ubuntu, na hadi 2011 mradi huo ulikuwa ukimtumia CD za bure yeyote aliyeziomba kwa posta. Mwaka huohuo wa 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zenye menyu za Kiswahili, na Microsoft nayo baadaye ikatoa sura ya Kiswahili kwa Windows XP. Ungedhani ushindani huo ungeifikisha Juba mahali pazuri. Lakini tazama kilichokuwa ndani ya CD ile ya Ubuntu. Kwa sababu za hataza, haikuwa na kodeki ya kucheza MP3. Mtumiaji alitakiwa aiongeze mwenyewe kwa kuipakua. Aliyekuwa na intaneti ya ofisini Ulaya alimaliza kazi hiyo kwa dakika chache. Aliyekuwa na kompyuta nyumbani bila mtandao aliona mfumo usioweza kucheza wimbo, akauhukumu kuwa mbovu. Linux Mint, iliyoanza 2006, ilijizolea wafuasi kwa kuweka kodeki hizo tangu mwanzo. Msimbo wa mifumo hiyo miwili ulikaribiana sana, lakini penye ukosefu wa mtandao mmoja ulikuwa rahisi na mwingine mgumu.

Siasa nayo ilitia mkono wake. Tangu Novemba 1997 Marekani ilikuwa imeiwekea Sudan vikwazo vya biashara. Amri ya Oktoba 2006 ililegeza vikwazo hivyo kwa upande wa kusini, lakini kompyuta zinazogawa programu haziulizi mtu anaishi jimbo gani. Zinaangalia anwani ya mtandao ni ya nchi ipi. Januari 2010 SourceForge, ghala kubwa la programu huria wakati huo, ilifunga milango kwa anwani za Sudan pamoja na za Cuba, Iran, Korea Kaskazini na Syria, na mwezi uliofuata ikawaachia wenye miradi waamue kila mmoja kwa wake. Wapenzi wa Linux hupenda kusema kwamba programu huria haina mpaka. Kwa aliyeunganishwa kupitia anwani ya Sudan mwaka ule, mpaka ulikuwepo na ulisomeka kwenye skrini. CD ya Windows iliyonakiliwa haikuuliza anwani ya mtu.

Hata hivyo, kuna kipindi ambacho Linux ilistahili kushinda Juba kwa hoja ya urahisi peke yake, nacho ni kipindi cha virusi vya flashi. Mahali ambapo mtandao ni haba, faili husafiri mfukoni: barua ya maombi ya kazi huchapwa kwenye kompyuta moja, hubebwa kwa flashi, hutolewa fotokopi kwenye kibanda kingine. Windows XP ilikuwa na tabia ya kuendesha yenyewe programu iliyoandikiwa kujianzisha mara flashi inapochomekwa, na virusi vikaitumia tabia hiyo. Conficker, iliyozuka Novemba 2008, ilikuwa maarufu kati ya vingi vilivyosambaa hivyo. Vingine vilificha folda za mtu na kumwachia njia za mkato zenye majina yaleyale, akizibofya anavisambaza upya. Microsoft iliizima tabia hiyo kwa sasisho la Februari 2011, lakini kompyuta isiyopata masasisho haikulipata hilo pia. Katika miaka hiyo mtu wa Linux alichomeka flashi ileile na kuyaona mafaili yote, yaliyofichwa pamoja na virusi vyenyewe, bila kudhurika.

Kwa nini basi watu hawakuhama? Jibu liko kwa fundi. Fundi wa mtaani aliyeletewa kompyuta iliyozidiwa na virusi alikuwa na dawa aliyoizoea: anaokoa mafaili kwenye diski ya nje, anafomati, anaweka Windows kutoka kwenye CD aliyonayo, anaongeza madereva kutoka kwenye flashi yake, anaweka antivairasi na programu za ofisi, na jioni mwenye mali anaondoka na mashine inayofanya kazi. Ujuzi huo hakuupata kwenye kitabu. Aliketi na fundi mwingine akaona kwa macho, na CD pamoja na madereva vikapita mkono kwa mkono. Linux iliharibika mara chache zaidi, lakini ilipoharibika, au ilipokataa kuitambua printa, mtaa mzima haukuwa na wa kuuliza. Majibu yalikuwa kwenye intaneti, nayo ndiyo iliyokosekana. Kati ya mfumo unaougua mara kwa mara na daktari wake yuko mlango wa pili, na mfumo usiougua sana ambao daktari wake yuko ng'ambo, mtu mwenye akili timamu anaweza kabisa kuuchagua wa kwanza.

Kwamba skrini haikuwa chanzo cha tofauti hiyo, tunao ushahidi uliopimwa. Mwaka 2003 kampuni ya relevantive ya Berlin iliwaita watu 60 wasiowahi kutumia Linux ikawakalisha mbele ya Linux yenye dawati la KDE, na wengine 20 mbele ya Windows XP, ikawapa kazi za kawaida za ofisini: kuandika barua, kutuma barua pepe, kutafuta na kupanga mafaili. Kundi la Linux lilihitaji kwa wastani dakika 44.5, kundi la XP dakika 41.2. Tofauti ni dakika 3.3, yaani takriban asilimia 8, kwa watu wanaouona mfumo kwa mara ya kwanza. Asilimia 80 ya walioitumia Linux walidhani wiki moja ingewatosha kuuzoea mfumo huo mpya kama ule waliouzoea. Kwa XP walikuwa asilimia 85. Ikiwa Linux ilikwisha kusogea karibu kiasi hicho mwaka 2003, basi kushindwa kwake kuenea Juba katika miaka iliyofuata hakuwezi kuelezwa na umbo la menyu zake. Sababu itafutwe nje ya skrini, katika yale ambayo jaribio la Berlin liliyashikilia yasibadilike: umeme, mtandao, lugha, na mtu wa kumuuliza.

Sudan Kusini ilipojitawala tarehe 9 Julai 2011, baadhi ya watu waliliona hilo kuwa nafasi ya kuanza upya. Mwaka 2012, huko Berlin, asasi ya r0g_agency ilifungua mjadala ulioitwa #OSJUBA, ukiuliza kama mji mkuu mpya kabisa duniani ungeweza kujengwa juu ya mifumo huria: programu, takwimu, hata mipango miji. Lilikuwa swali la heshima. Vita vilivyozuka Juba Desemba 2013 viliiondoa serikali kwenye mazungumzo ya aina hiyo, lakini hata bila vita mjadala ungekutana na ukuta uleule, kwamba mfumo wa kompyuta hauenei kwa tangazo la wizara, unaenea kwa mikono ya mafundi. Ndiyo sababu kazi ya baadaye ya asasi hiyo, #ASKotec, ina uzito zaidi katika hoja yangu kuliko mjadala wa mwanzo: ni sanduku la zana na vifaa vya kufundishia kwa vitendo ukarabati, elektroniki na sola, linalowekwa mikononi mwa vijana wa Sudan Kusini wenyewe.

Microsoft nayo, mwaka uleule wa 2012, ilitoa uthibitisho bila kukusudia. Oktoba ilileta Windows 8 na kukiondoa kitufe cha Start. Wahandisi wake walikuwa na sababu zao, na skrini ile mpya ilitengenezwa kwa vidole na tableti. Lakini dunia nzima ililalamika, na Oktoba 2013 toleo la 8.1 likakirudisha kitufe. Kilichopotea kwa mwaka ule mmoja hakikuwa ikoni tu. Ilipotea sentensi ambayo kila mtu alikuwa amemfundishia mwenzake kompyuta kwa miaka 17: bonyeza pale chini, kwenye kona. Kampuni iliyoimiliki programu haikuumiliki ujuzi uliosambaa juu yake, na ilipougusa ujuzi huo mfumo ukawa mgumu ghafla kwa watu waliokuwa wakiutumia vizuri juzi yake.

Windows 10, iliyotoka Julai 2015, ilirudisha menyu lakini ikaleta mzigo mwingine. Toleo lake la nyumbani lilijisasisha lenyewe, likipakua gigabaiti kadhaa bila mwenye kompyuta kuwa na njia rahisi ya kukataa. Juni 2016 vyombo vya habari vya teknolojia viliripoti kisa cha mradi wa Chinko, hifadhi ya wanyamapori mashariki mwa Jamhuri ya Afrika ya Kati, nchi jirani ya Sudan Kusini. Kompyuta za walinzi wanaopambana na majangili zilianza zenyewe kupakua Windows 10 kupitia intaneti ya setilaiti, ile inayolipiwa kwa kiasi cha data. Huko Redmond sasisho la kujiendesha ni huduma, kwa maana linampunguzia mtu kazi. Porini, ambako mawasiliano hayo ndiyo uhai wa askari wa doria, huduma ileile ni hatari. Juba ya wakati huo ilikuwa upande wa Chinko. Kwa maana kebo ya faiba kutoka Uganda kupitia Nimule ilianza kutoa huduma mjini 2020 tu. Bei ya leseni nayo ilisogea mbali. Windows 10 Home iliuzwa dola 119. Kwa kiwango rasmi cha pauni 2.96 kwa dola hiyo ni karibu pauni 350 za Sudan Kusini. Desemba 2015 serikali ilipoiachia pauni ielee na dola kufika takriban pauni 18.5, bei ileile ikavuka pauni 2,200 bila Microsoft kuongeza senti.

Umeme ulibadilisha hesabu kwa namna yake. Kabla ya Novemba 2019, kituo cha megawati 33 kilipozinduliwa, aliyetaka kuwasha kompyuta Juba kwa kawaida alitegemea jenereta au sola, na wengi bado wanavitegemea. Kompyuta ya mezani inapozimika ghafla, mfumo wa kuhifadhi mafaili ndio unaoamua kama itaamka salama, na hapo mifumo yote mitatu ya kisasa imejikinga vya kutosha. Pabaya ni pale umeme unapokatika katikati ya sasisho, wakati skrini inaagiza kompyuta isizimwe. Kwa kipimo hiki, mshindi wa miaka ya karibuni ni yule aliyekuwa wa mwisho: laptopu za Mac zenye chipu ya M1, zilizotoka Novemba 2020, ambazo Apple ilizitangazia hadi saa 18 na 20 za kutazama video kwa chaji moja. Kwa mwandishi wa ripoti anayepata umeme usiku tu, hiyo ni tofauti kati ya kufanya kazi na kutofanya. Haki inataka isemwe hivyo. Lakini hifadhi na kumbukumbu za mashine hizo zimeunganishwa moja kwa moja kwenye bodi. Zikifa, fundi wa mtaa hana cha kubadilisha. Mac inarahisisha siku za kawaida na kuifanya siku ya maafa kuwa ngumu kupita kiasi.

Liko jambo moja ambalo mifumo yote mitatu imelishindwa kwa pamoja, nalo ni lugha za wenyeji. Mkutano wa Rejaf wa 1928 ulizichagua lugha kadhaa za kusini, zikiwemo Kidinka, Kinuer, Kibari na Kizande, ziandikwe kwa herufi za Kilatini. Chukua jina ambalo Wadinka wanaiita lugha yao: Thuɔŋjäŋ. Kibodi ya kawaida haina ɔ wala ŋ. Kwenye Windows, ndani ya Word, mtu anaweza kuandika 0254 kisha abonyeze Alt na X, nambari igeuke ɔ. Kwenye programu nyingi za Linux atabonyeza Ctrl, Shift na U, aandike 254, kisha Enter. Au kwa ŋ atatumia kitufe cha Compose na kufuatisha n na g, njia nzuri kweli kwa aliyefundishwa. Kwenye Mac atabadilisha kibodi na kukariri michanganyiko mingine. Mwalimu anayeandaa kitabu cha darasa la kwanza anakutana na kikwazo hiki karibu katika kila mstari. Tiba ipo: Keyman, programu ya kibodi iliyo chini ya SIL na inayotolewa bure, ina kibodi za Kidinka na Kinuer na hufanya kazi kwenye mifumo yote mitatu. Mwalimu aliyewekewa Keyman kwenye Linux anachapa lugha yake kwa urahisi kuliko asiyewekewa kwenye Mac ya bei kubwa. Kilichorahisisha kazi hapo ni mtu aliyejua kuiweka.

Zipo pingamizi tatu zinazostahili jibu. Ya kwanza husema kwamba Windows ilienea kwa sababu ilinakiliwa bure, hivyo tunazungumzia bei tukidhani ni urahisi. Lakini Linux pia ilikuwa bure, tena kihalali. Bei ikiwa sifuri pande zote mbili, haiwezi kuwa sababu ya watu kuuchagua upande mmoja. Kinachobaki ni mtandao wa mafundi, na gharama iliyofichika ya nakala haramu, yaani masasisho yaliyozimwa na virusi vilivyofuata, ilibebwa na mafundi haohao. Ya pili husema kwamba nauchanganya mazoea na urahisi. Mfumo mbaya uliozoeleka unabaki mbaya. Hilo ni kweli kwa mtu mmoja akiwa peke yake. Kwa mtaa, mazoea ya wengi ni rasilimali: ni maelfu ya walimu wasiolipwa. Kuyapuuza ni kukosea hesabu, ingawa kuyaabudu kungekuwa kosa jingine, kwa sababu mazoea hufundishika upya, kama asilimia zile za Berlin zinavyoonyesha.

Pingamizi ya tatu ndiyo nzito zaidi: kwamba kompyuta ya mezani imepitwa, na watu wa Juba wanaishi kwenye simu za Android. Ni kweli simu imewafikia wengi zaidi. Lakini tasnifu ya Chuo Kikuu cha Juba, bajeti ya kituo cha afya na orodha ya mishahara ya shule bado vinahitaji kibodi na skrini pana. Tena Android yenyewe inaunga mkono hoja hii. Kiini chake ni Linux, sura yake haikufanana na Windows hata kidogo, na hakuna aliyepelekwa kozi ili aitumie. Watu walijifunza kwa dada, kwa mwenzao wa darasani, kwa muuza simu. Mfumo mgeni kabisa ulikuwa rahisi ndani ya miaka michache kwa sababu ulikuwa mikononi mwa kila jirani, na kwa sababu fundi wa simu alipatikana katika kila soko.

Hukumu hii ina matumizi ya haraka. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilimaliza msaada wa kawaida kwa Windows 10. Windows 11 inataka chipu ya usalama ya TPM 2.0 na, kwa Intel, kwa ujumla kichakataji cha kizazi cha nane au zaidi. Toleo la nyumbani linataka pia intaneti na akaunti ya Microsoft wakati wa kuliweka. Kompyuta nyingi zilizotumika zinazofika Afrika Mashariki haziwezi kutimiza masharti hayo. Kwa mara ya kwanza tangu 2005, Windows inakaribia kupoteza nguzo iliyoishikilia Juba: uwezo wa fundi kuiweka kwenye mashine yoyote, bila mtandao, jioni moja. Linux inaweza kwenye mashine zilezile, lakini faili la Ubuntu 24.04 linazidi gigabaiti 5, na kila programu ya ziada inataka bando.

Kwa hiyo mwenye kuamua, awe mkuu wa shule, mkuu wa idara chuoni au msimamizi wa ofisi ya kata, asianze kwa kuuliza mfumo upi ni mzuri. Aulize nani ataukarabati, masasisho yatatoka wapi, umeme ukikatika itakuwaje, na wanafunzi wataandika kwa lugha gani. Kwa maabara ya shule yenye kompyuta kumi za zamani, jibu langu ni Linux, kwa masharti matatu yanayotimizika: nakala kamili ya programu zake ihifadhiwe kwenye diski hapohapo Juba, ili mtu asisasishe kwa bando, Keyman na fonti za lugha za nchi viwekwe tangu siku ya kwanza, na mafundi wawili au watatu wa mtaa huo walipwe wajifunze kuitengeneza, kabla mashine hazijafunguliwa kwenye maboksi. Sharti la tatu lisipotimizwa, ni afadhali shule ibaki na Windows ambayo mtu anaijua. Wafadhili wamezoea kununua mashine kwanza na kukumbuka mafunzo baadaye, bajeti ikiwa imekwisha. Kama historia hii imefundisha lolote, ni kwamba mpangilio huo lazima ugeuzwe: fedha ya kwanza iende kwa fundi wa New Site, kwa maana yeye ndiye atakayeufanya mfumo wowote uitwe rahisi.